Risala ya Marubani na Mafundi wa Helikopta za Majukwaa ya Mafuta Baharini kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Mafunzo, ndugu wanamafunzo, mabibi na mabwana,

Karibu katika kufunga mafunzo ya kujiokoa majini. Umejionea kibanda cha mazoezi, mfano wa chumba cha helikopta, kikipinduliwa bwawani. Zoezi hilo ni la lazima, lakini halitoshi.

Helikopta ikitua majini hupinduka upesi kwa sababu injini na giaboksi (sanduku la gia linalozungusha rafadha, yaani mapanga ya juu), ambavyo ni vizito mno, viko juu. Maboya ya dharura husaidia, ila mawimbi makali huyashinda. Aliye ndani hujikuta kichwa chini, macho hayaoni, pua imejaa maji. Kabla ya kugonga maji, ashike fremu ya dirisha. Angoje mtikisiko uishe na rafadha isimame, asukume dirisha litoke, ndipo afungue mkanda huku mkono mmoja ukibaki kwenye fremu. Anayetangulia kufungua mkanda huelea, akapotewa na dirisha na kukosa pa kujikazia. Anayejaza jaketi la kujiokolea akiwa ndani hubanwa kwenye sakafu, ambayo wakati huo iko juu yake.

Kuna na baridi. Katika maji yenye joto lisilofika nyuzi 15 za Selsiasi wengi hushindwa kuzuia pumzi hata sekunde 20, na kutoka kunaweza kuchukua zaidi ya hapo. Ndiyo maana mwaka 2014 mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza iliagiza kwamba abiria aketi kando ya dirisha la kutokea, la sivyo awe na kifaa bora cha kupumulia chini ya maji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, linalotusumbua zaidi ni giaboksi kuu. Injini ziko mbili, giaboksi ni moja. Tarehe 12 Machi 2009, karibu na Newfoundland, Kanada, boliti za titani zilizoshika filta ya oili zilikatika kwa uchovu wa chuma, yaani kudhoofika kwa mzigo unaojirudia. Oili ikamwagika, na dakika kama 11 tangu onyo la kwanza helikopta ya S-92 ikaanguka baharini. Kati ya watu 18 alipona mmoja. Huko angalau onyo lilitolewa. Tarehe 29 Aprili 2016, Turøy nchini Norwei, gia ndani ya giaboksi ya helikopta ya EC225 ilipasuka, rafadha kuu ikang'oka, na wote 13 wakafa. Ufa ulikua chini ya uso wa chuma, ukaachia chembe chache mno hata sumaku ya kunasa chembe za chuma kwenye oili haikutoa onyo. Kwa hiyo, taa isiyowaka si ushahidi kwamba giaboksi ni nzima.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, takwimu za mtetemo wa giaboksi zisomwe na fundi kabla ya safari inayofuata, zisirundikwe hadi mwisho wa wiki. Na giaboksi iliyoangushwa au kugongwa wakati wa kusafirishwa irudishwe kwa mtengenezaji hata kama haina alama. Pili, bahari ikichafuka kupita uwezo wa maboya, safari iahirishwe bila rubani kuulizwa amechelewesha zamu ya nani. Maswali hayo huja kwa upole, lakini yana uzito. Tatu, mavazi ya kujikinga na baridi yawe ya vipimo vyote. Vazi pana hubeba hewa nyingi, likamwinua mvaaji mbali na dirisha analopaswa kupitia. Na vazi lenye mpira wa shingo uliolegea huingiza maji.

Tunaomba kuwasilisha.