Pesa kidogo ya utafiti iwafuate wasiofikika

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu tafiti za mtandaoni, hizi ambazo matokeo yake tunayasoma magazetini kila mara, na ambazo wanafunzi wa vyuo vyetu wanazifanya kwa fedha ya kuunga-unga. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari hapa Arua, na ndiye msimamizi wa kundi la WhatsApp la walimu wenzangu wa West Nile, eneo letu la kaskazini-magharibi mwa Uganda. Vyuo vinapokaribia kufunga muhula, ujumbe wa aina moja huingia kwenye simu yangu mfululizo: "Habari mwalimu, naomba unisambazie linki hii kwa walimu, ni dakika tano tu." Huwa nasambaza. Hawa ni watoto wetu, na wengi wanauliza mambo ya maana. Tangu mtaala mpya wa 2020 ukifanye Kiswahili somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, kuna mengi ya kuulizwa kuhusu nani anafundisha, kwa vitabu gani, na alisomea nini.

Lakini nikiwa msimamizi naona wanaojibu. Ni walewale. Ni walimu wa mjini Arua, wa shule zenye umeme, wenye simu janja na bando la mwezi, wengi wao vijana. Mwenzetu wa Obongi au wa milima ya Zombo anaiona linki usiku, anapanga kuifungua kesho, na kesho imeshafunikwa na ujumbe mwingine mia. Kisha ripoti inaandikwa: "Walimu wa West Nile wanasema." Hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu viongozi husoma sentensi hiyo na kupanga mambo kwayo.

Mwanafunzi mwenye shilingi 200,000 mfukoni huziweka wapi? Mara nyingi huzigawa kama zawadi. Huahidi shilingi 2,000 za muda wa maongezi kwa watu mia wa kwanza, au bahati nasibu ya kushinda 50,000. Naamini kwa dhati kwamba hayo ni matumizi mabaya ya pesa ndogo. Mia wa kwanza ni walewale wa mjini ambao wangejibu bure. Pesa yote imewaendea waliokuwa wamefikika tayari, na kwa ajili ya yule asiyefikika haikubaki hata ya kumpigia simu. Ushauri wangu ni kinyume cha hapo. Wa karibu waombwe kwa heshima na washukuriwe, na shilingi zote zimfuate aliye mbali.

Inafaa tuelewe kwanza kwa nini yuko mbali, maana si kwamba hapendi kusaidia. Walimu wengi hununua bando la WhatsApp peke yake kwa sababu ni rahisi. Bando hilo linakuonyesha ujumbe wenye linki, lakini ukiibonyeza, fomu haifunguki, kwa kuwa iko nje ya WhatsApp. Mtafiti anadhani amepuuzwa, kumbe mwalimu amebonyeza mara tatu akaona kiduara kinazunguka tu. Bando lenyewe lina kodi. Julai 2018 serikali ilianza kututoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 ikaiacha kodi hiyo ikaweka ya asilimia 12 juu ya data. Sasa fomu yenye nembo ya chuo, picha tatu na kurasa kumi inamgharimu mjibuji fedha yake mwenyewe.

Wengine huweka sharti kwamba lazima uingie kwa Gmail, ili mtu asijibu mara mbili. Nia ni njema. Lakini mwalimu mwenye umri wangu alifunguliwa Gmail na kijana wa dukani alikonunua simu, na nywila alibaki nayo yule kijana. Sharti hilo linamfungia nje moja kwa moja.

Halafu kuna vitabu vya ng'ambo vinavyowaambia wanafunzi kwamba njia rahisi ya kupata washiriki ni kulipia tangazo kwenye Facebook. Hapa Uganda Facebook ilifungwa Januari 2021, wakati wa uchaguzi, na anayeitumia huipitia kwenye VPN, programu inayoficha mahali simu ilipo. Tangazo la kutafuta watu wa Arua litamkosa mtu wa Arua ambaye simu yake inajionyesha kama iko Uholanzi. Yako pia majukwaa kama Prolific na Mechanical Turk ambako mtafiti hulipa kwa dola akaletewa wahojiwa. Hata angekuwa na hizo dola, mwalimu wa Yumbe hatampata humo.

Na zawadi ikitangazwa hadharani huleta balaa jingine. Mradi mmoja hapa mjini uliahidi shilingi 5,000 kwa kila kijana atakayejaza fomu yao. Linki ilitoka kundi moja ikaingia jingine, na kabla ya siku kwisha ilikuwa imevuka daraja la Karuma, nje ya eneo letu, na kufika kwa watu wasioijua Arua kabisa. Nilionyeshwa majibu hayo. Fomu zilifuatana usiku wa manane, kila moja baada ya sekunde chache, na kwenye swali la kujieleza zote zina neno moja, "nzuri". Umri unasema 19, na jibu linalofuata linasema ana watoto watano wa sekondari. Wenye mradi walilazimika kutupa sehemu kubwa ya walichokusanya, na vijana wa kweli waliokuwa wamejaza kwa moyo wakatupwa pamoja nao, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuwatenga.

Zaidi ya hayo, watu wetu wamelizwa sana na matapeli wa pesa za simu. Ujumbe wa namba ngeni unaosema "jaza hapa upokee pesa" unafanana sana na ule uliomtoa jirani yao akiba yake. Mwenye busara anaufuta, na anayebaki ni mwenye tamaa tu.

Mwaka jana binti mmoja anayesomea ualimu alikuja kwangu na linki yake na hizo shilingi 200,000. Akaniuliza, "Mwalimu, si niwape elfu mbili mbili?" Nikamwambia, "Hapana mwanangu, pesa yako itakwisha kabla hujavuka mto. Tuanze na orodha." Akaenda ofisi za elimu za wilaya alizochagua, akiwa na barua ya chuo, akaomba majina ya shule za sekondari. Jioni tukaketi uani kwangu, tukaandika kila shule kwenye kikaratasi. Tukatumia sufuria mbili, moja ya shule za mjini na za kando ya lami, nyingine ya shule za ndani, ili upande mmoja usimeze mwingine. Mwanangu wa mwisho ndiye aliyechomoa. Zikapatikana shule 40. Shule ikishatoka kwenye sufuria haibadilishwi eti kwa sababu iko mbali. Hilo tuliliwekea msimamo.

Kisha akampigia kila mwalimu mkuu kwanza, akajitambulisha kwa jina na chuo, akaomba namba ya mwalimu wa Kiswahili. Aliyeelekezwa na mkubwa wake hamwogopi mgeni. Hakutuma linki mpaka awe ameongea na mtu. Ujumbe wake ulikuwa wa sauti, sekunde 40 hivi, kwa sababu sauti ya binadamu haichanganywi na ya matapeli kirahisi, na ndani yake alisema ukweli kuhusu muda: ni dakika kumi na mbili, si tano. Fomu aliipunguza, akaondoa picha zote. Aliyekuwa na bando la WhatsApp tu alitumiwa bando la data la siku moja kabla ya kujibu, wala halikuitwa zawadi. Lilikuwa gharama ambayo haikumpasa kuibeba. Alituma kuanzia tarehe 28, mishahara ikiwa imeingia na watu wametulia. Asiyejibu alikumbushwa mara mbili, basi.

Pesa iliyobaki ilitumika kuwafuata waliobaki kimya. Baadhi yao wana kitochi tu, simu ndogo isiyofungua linki. Hao aliwapigia, au wao wakambipu wanapopata nafasi naye akawapigia, akawasomea maswali na kuwajazia. Hili si jambo geni hapa kwetu: tangu 2011 U-Report ya UNICEF imekuwa ikiwauliza vijana wa Uganda maswali kwa SMS za bure, na simu yoyote inatosha. Shule mbili hazikuwa na mtandao wa kuaminika, akapanda boda boda akazifuata, moja yao baada ya kivuko cha Laropi. Kila jibu aliliwekea alama kuonyesha kama limekuja kwa fomu, kwa simu au ana kwa ana, kwa sababu mtu huwa mpole zaidi akiulizwa kwa mdomo kuliko akiwa peke yake na kioo cha simu. Msomaji wa ripoti ana haki ya kulijua hilo.

Nilikuwepo alipompigia mwalimu mmoja wa Madi-Okollo, mzee wa kitochi. Akajibu maswali yote kwa utaratibu, halafu akasema, "Binti, hujaniuliza nilisomea nini." Akamwambia alisomea historia na jiografia. Kiswahili alipewa kwa sababu aliwahi kuishi Kenya na anakiongea, na hana kitabu cha mwalimu. Anaandaa somo kwa kukumbuka. Swali hilo likaongezwa, na wote waliotangulia wakapigiwa tena. Shule za ndani zikatoa jibu kama la mzee yule, moja baada ya nyingine. Kwenye kundi langu la WhatsApp, ambako wengi walihitimu Kiswahili chuoni, jambo hilo halijawahi kujitokeza katika tafiti zote nilizozisambaza. Nalisema kwa uchungu: tumekuwa tukijadili mafunzo ya walimu bila kuwasikia wanaoyahitaji kuliko wote.

Watu 40 ni wachache, atasema mtu, na gazeti linapenda idadi kubwa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi takriban milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais. Zikarudi zaidi ya milioni mbili, jarida likatangaza kwamba Alf Landon atashinda. Franklin Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, na waliojitaabisha kurudisha kadi hawakufanana na waliozitupa. Mwaka huohuo George Gallup, mtafiti wa kura za maoni, aliuliza watu wachache sana kuliko hao, akampata mshindi. Ile hesabu ya vitabuni kwamba watu 400 hukupa kosa la asilimia 5 hivi juu au chini inafaa pale tu watu hao wamechomolewa kwa bahati kutoka kwenye orodha. Linki iliyorushwa kundini haina orodha, kwa hiyo hata majibu 4,000 hayakuambii ni nani hakujibu.

Ninajua zipo tafiti ambazo orodha haipatikani. Ukitafuta wakimbizi wanaofundisha watoto wao Kiswahili nyumbani huko kwenye makazi ya wakimbizi ya Bidibidi, hakuna ofisi yenye majina yao, itabidi mmoja akuelekeze kwa mwingine. Sawa. Hapo mpe kila mmoja nafasi ya kuelekeza wawili tu, na uombe wawe wa kijiji kingine, ili usizunguke ndani ya ukoo mmoja. Na namba za simu zitunzwe mbali na majibu. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mtu, na inataka usikusanye zaidi ya unachohitaji. Nimeona fomu za wanafunzi zinazodai namba ya kitambulisho cha taifa kwa utafiti wa vitabu vya kiada. Fomu ya namna hiyo siisambazi.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Mnapochapisha matokeo ya utafiti wa mtandaoni, ongezeni sentensi mbili: washiriki walipatikanaje, na ni akina nani ambao njia hiyo isingewafikia. Mtafiti akishindwa kuzijibu, habari isubiri. Na wahadhiri, wanafunzi wenu wakileta kazi, msianze kwa kuuliza wangapi wamejibu. Waulizeni walifanya nini kuhusu wale ambao hawakujibu, na waonyeshe pesa ilitumika wapi.

Wanafunzi mnaojiandaa kuniandikia, nawakaribisha. Njooni na barua ya chuo, idadi ya kweli ya maswali, na namba ya simu inayopokelewa. Oktoba na Novemba tuacheni, walimu wako kwenye usimamizi wa mitihani ya kidato cha nne. Orodha za shule ombeni mapema, na sufuria ninazo.

Mwalimu wa Kiswahili,
Arua, Uganda