Risala ya Kikundi cha Wakulima wa Maharage kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mkulima, Lushoto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kata na kijiji, maafisa ugani, wazee wetu na wakulima wenzetu, shikamooni.

Mheshimiwa, tunaomba kwanza upokee mashina mawili ya maharage tuliyong'oa leo asubuhi. Ni mbegu moja, iliyopandwa siku moja, shamba moja. Kwaruza kwa ukucha vinundu vya mizizi ya shina la kwanza: ndani ni vyeupe. Vya shina la pili ni vyekundu kama nyama. Wekundu huo unaonyesha kwamba bakteria waliomo wanavuta naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea.

Bakteria hao hawaiwezi kazi hiyo bila molibdeni, madini ambayo mmea huyahitaji kwa kiasi kidogo sana. Udongo wetu mwekundu una tindikali, nayo huifunga molibdeni isifike mizizini. Chokaa ya kilimo husaidia, lakini mlima huu umeupanda mwenyewe. Huku mfuko wa chokaa hufika kichwani mwa mama. Molibdeni ya ekari nzima hupimwa kwa gramu, na mbegu yenyewe inaweza kuibeba ikilowekwa kwenye maji yenye molibdeni.

Kwa dengu huko India, Nepal na Bangladesh, kipimo kilichojaribiwa ni nusu gramu ya molibdeti ya sodiamu, yaani chumvi yenye molibdeni, kwa lita moja ya maji, mbegu zikilowekwa saa 8. Nasi tumekijaribu kwa maharage kwenye vipande vidogo. Tunaloweka usiku, alfajiri tunaanika kivulini juu ya kanga hadi ganda likauke, na tunapanda siku hiyohiyo. Hatuloweki mpaka ardhi iwe imeshiba mvua. Mbegu zilizolowekwa zikibaki hatuzili wala hatuwapi kuku.

Mheshimiwa, hatutaficha. Msimu uliopita mwenzetu alikadiria molibdeti hiyo kwa kijiko badala ya kuipima. Miche ikatoka michache, ya njano, na mbegu ile aliinunua kwa mkopo wa kikundi. Imetuuma sote.

Kwa hiyo tunaomba mizani inayopima gramu na sehemu zake, na udongo wetu upimwe kabla ya vuli, kwani madini mengine ya mmea kama zinki na boroni hatutayagusa kwa kubahatisha. Tunaomba pia bwana shamba awe nasi siku ya kuloweka. Mizani itakaa ofisi ya kijiji, ili hata asiye mwanachama aje kupima.

Tunaomba kuwasilisha.