Volti zikishuka, birika halivuti umeme zaidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nirekebishe jambo moja lililoelezwa katika makala yenu kuhusu matumizi ya umeme nyumbani. Mwandishi, ambaye mengine aliyaeleza vizuri, alisema kwamba umeme unapokuwa mdogo nyakati za jioni, vyombo vyote vya nyumbani huvuta mkondo mkubwa zaidi ili kufidia upungufu, na kwa hiyo akawashauri wasomaji wanunue stebilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha volti, kwa kila chombo kikubwa, likiwamo birika la umeme. Kauli hiyo husikika pia madukani na kwa baadhi ya mafundi, na kwa kuwa inawatoa watu fedha nyingi bila sababu, inastahili kupimwa kwa hesabu.

Tuchukue birika lililoandikwa chini yake volti 230 na wati 2000. Wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea, kwa hiyo ukigawanya 2000 kwa 230 unapata mkondo wa ampea 8.7. Ukinzani nao, yaani kiasi ambacho waya huzuia mkondo kupita, hupatikana kwa kugawanya volti kwa ampea, na hapa unakuwa omu 26.45. Namba hii ya mwisho ndiyo ya kushika, kwa sababu imetokana na urefu, unene na aina ya waya uliomo ndani ya birika, na waya wa nikromu unaotumika kupashia maji hubadilika ukinzani kidogo tu hata ukipata moto. (Balbu ya zamani ya waya ni habari nyingine: ikiwa baridi, ukinzani wake huwa kama sehemu moja ya kumi, au chini ya hapo, ya ule wa wakati inawaka, na ndiyo maana nyingi huungua pale pale zinapowashwa.)

Sasa volti zishuke hadi 180. Gawanya 180 kwa omu 26.45, mkondo unakuwa ampea 6.8, yaani umepungua, haukuongezeka. Zidisha 6.8 kwa 180 na nguvu ya birika inabaki wati 1225 hivi. Volti zimepungua kwa asilimia 22 tu, lakini nguvu imepungua kwa karibu asilimia 39, kwa kuwa volti na mkondo vimeshuka pamoja. Lita moja na nusu ya maji yenye joto la nyuzi 25, ambayo ingechemka kwa muda wa dakika nne, sasa itachukua zaidi ya dakika sita. Uniti zitakazoliwa ni karibu zile zile, 0.13, ukiacha joto dogo linalopotea kwa sababu ya kuchelewa. Mwenye birika amepoteza dakika mbili na nusu, basi. Hesabu ni hiyo hiyo kwa pasi na kwa jiko la koili, ingawa vyombo hivyo hukaa muda mrefu zaidi kwenye umeme.

Sikatai kwamba kuna vyombo ambavyo kauli ya mwandishi inavihusu. Televisheni na kompyuta za siku hizi, na hata chaja ya simu iliyoandikwa volti 100 hadi 240, hujirekebisha zenyewe ili nguvu isipungue, na kwa hiyo kweli huvuta ampea nyingi zaidi volti zikishuka. Lakini zimeundwa kwa kazi hiyo na haziumii. Friji ndiyo ya kuogopewa. Mota yake ikishindwa kuanza kuzunguka kwa sababu ya volti ndogo, huendelea kuvuta mkondo mkubwa wa kuanzia, nyaya zake zikapata moto na hatimaye kuungua. Mwenye fedha ya stebilaiza moja aiweke hapo.

Ushauri wa kuweka stebilaiza kwenye birika una madhara pia kwa majirani, na hili makala haikuligusa kabisa. Ili birika lipate wati zake 2000 wakati laini ina volti 180, stebilaiza italazimika kuvuta kutoka kwenye laini ampea 11.1, bila kuhesabu inachopoteza yenyewe, mahali ambapo birika peke yake lingevuta 6.8. Volti zinazopotea njiani kutoka kwenye transfoma ni mkondo kuzidisha kwa ukinzani wa laini. Mtaa mzima ukifuata ushauri huo, mkondo utaongezeka, volti zitashuka zaidi, na nyumba za mwisho wa laini ndizo zitakazoumia kwanza.

Ukinzani wa njia hiyo fundi mwenye maltimita anaweza kuukadiria akiwa kwenye soketi ya nyumbani. Apime volti kabla ya birika kuwashwa, tuseme apate 212, kisha apime likiwa limewashwa, apate 204. Kwa volti 204 birika linavuta ampea 7.7, volti nane zilizopotea ukizigawanya kwa 7.7 unapata takribani omu moja kutoka kwenye transfoma hadi kwenye soketi. Upimaji huo urudiwe mara kadhaa, maana jirani akiwasha pasi katikati ya zoezi jibu litapotoka. Kisha fundi apime pale umeme unapoingia nyumbani, ili ijulikane kama hitilafu iko kwenye nyaya za ndani au kwenye laini ya nje. Ikiwa ni ya nje, mwananchi apeleke namba hizo kwa shirika la umeme akiomba transfoma isogezwe karibu au waya mnene zaidi, badala ya kwenda dukani kununua stebilaiza ya birika.

Naomba masahihisho haya yachapwe pamoja na hesabu zake, ili msomaji achukue kalamu na kuzirudia kwa namba zilizoandikwa kwenye vyombo vyake mwenyewe.

Wako,
Mwalimu wa fizikia,
Morogoro.