Risala ya walimu na wanafunzi wa Kifaransa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Lugha, Arusha

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wazazi na wanafunzi, tunakukaribisha kwa heshima.

Mji wetu una Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na watalii wanaozungumza Kifaransa hawakosekani. Lakini mwanafunzi mwenye alama A anaulizwa njia na mgeni, anabaki kutabasamu. Daftari limejaa, mdomo haujazoea.

Hesabu yenyewe inaeleza. Kipindi ni dakika 40. Darasa likiwa na wanafunzi 60, hata mwalimu asiposema neno, kila mmoja anapata sekunde 40. Ndiyo maana tunawapanga wawili wawili, nusu ya darasa iseme kwa wakati mmoja. Mada inatolewa hapo hapo, madaftari yamefungwa. Wanafikiri nusu dakika bila kuandika, maana aliyeandika atasoma. Mmoja wa kila jozi anasimulia dakika 4, anabadilishiwa msikilizaji, anarudia kwa dakika 3, kisha 2 kwa msikilizaji wa tatu. Kufikia mara ya tatu hatafuti tena la kusema, kazi imebaki kwa ulimi. Kisha wanabadilishana zamu.

Mwalimu hamkatizi msemaji, isipokuwa maana imepotea kabisa. Anayesahihishwa kila neno hujifunza kunyamaza. Makosa matatu yaliyojirudia yanaandikwa ubaoni mwishoni, bila kutaja mtu.

Maneno ya kujipatia muda, kama «alors» (basi), «attends» (subiri) na «comment dit-on…?» (husemwaje…?), yafundishwe tangu Kidato cha Kwanza. Asiye nayo akikwama anahamia Kiswahili moja kwa moja. Neno moja la Kiswahili katikati ya sentensi tunaliruhusu, mradi sentensi iendelee. Kumvisha mtoto kibao shingoni kwa sababu amesema Kiswahili hatukuungi mkono. Kibao hakijamfungua mtu mdomo.

Ndugu Mgeni Rasmi, changamoto kubwa ni kelele. Jozi 30 zikizungumza, darasa la jirani hulalamika, na mkaguzi apitaye hudhani hakuna mwalimu.

Tunaomba chumba cha pembeni, vipindi viwili mfululizo mara moja kwa wiki, na saa ya ukutani. Pia utusaidie kupata waongoza watalii wanaozungumza Kifaransa, waje mara moja kwa mwezi waulizwe maswali ambayo hayakuandaliwa.

Tunaomba kuwasilisha.