Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Chama cha Kufa na Kuzikana cha Parokia

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu wanachama, hesabu za michango atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema tu kwamba kila familia iliyofiwa mwaka huu ilipata sanduku, usafiri na rambirambi kwa wakati. Kuzika tunajua. Ninalotaka tulizungumze ni wiki zile turubai likishashushwa na viti vikisharudishwa.

Kamati ilianza kuwarudia wafiwa baada ya matanga, na tulichokikuta kimenihuzunisha. Wajane wengi wamekaa na kibali cha mazishi wakidhani kinatosha. Kibali ni cha kuzikia tu. Kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30, cheti kitolewe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia ofisi yake ya wilaya. Aliyefia nyumbani, taarifa yake inaanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Bila cheti, benki haikusikilizi, mafao ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hayatoki, na shauri la mirathi halifunguliwi Mahakama ya Mwanzo. Basi wenzetu wanaozijua ofisi hizo wamekuwa wakiwasindikiza wafiwa, na nawashukuru sana. Wanawaeleza pia mashemeji: kikao cha ukoo kinapendekeza jina, mahakama ndiyo inayoteua, na msimamizi wa mirathi anakusanya mali, analipa madeni na kuwagawia warithi. Mali haiwi yake. Mjane mmoja aliambiwa aondoke siku ileile ya kuanua tanga. Jumuiya yake, wale waumini majirani anaosali nao, ilikataa kutawanyika mpaka wazee wa ukoo walipokaa tena. Hilo ndilo Kanisa ninalolitaka.

Kuhusu maneno yetu msibani: tuache kumwambia mtu asilie kwa kuwa Mungu kampenda zaidi marehemu. Na mama aliyepoteza kichanga tusimwambie atapata mwingine. Mara nyingi kichanga huzikwa harakaharaka mama akiwa bado wodini, halafu hakuna anayemtaja tena. Akina mama wa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, wameomba watoto hao watajwe kwenye misa ya tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, nami naliunga mkono ombi hilo kwa moyo wote.

Liko suala linalotugawa: asiyehudhuria jumuiya azikwe kwa ibada? Najua hoja ya wanaosema hapana, kwamba wengine wanatukumbuka siku ya msiba tu. Lakini adhabu hiyo marehemu haimfikii, inawaangukia watoto wake. Ni hivyohivyo kwa familia ya aliyejiua. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya Kanisa waliojiua kwa kudhamiria. Ile ya 1983 haikuwaweka tena kwenye orodha ya wanaonyimwa. Huku kwetu bado watu wananong'ona na kukaa mbali na nyumba hiyo, ilhali ndiyo inayohitaji watu kuliko zote. Nawaomba viongozi wa jumuiya waende huko wa kwanza, na warudi tena na tena.

Kamati inapendekeza tuwe na fungu la baada ya mazishi, kwa ajili ya nauli, ada za cheti na mahakama, na mahitaji ya shule ya watoto. Fedha hizo zipunguzwe kutoka kwenye chakula cha matanga, ambacho ndicho kinachokula sehemu kubwa ya mfuko wetu. Naomba mkutano ulipigie kura pendekezo hili leo, kabla ya uchaguzi wa viongozi.