Kwako mpwa wangu, kuhusu hiyo kaunti uliyoiita ndogo

Mpwa wangu,

Tangu arobaini ya bibi yako hupokei simu yangu. Basi nakuandikia hapa, wasome na wasiohusika. Nilikushauri ukubali kuichezea kriketi kaunti ndogo, yaani timu ya daraja lililo chini ya kaunti kubwa za Uingereza, nawe ukajibu: "Mjomba anataka nizikwe kwenye kaunti ndogo." Uliyasema hayo mbele ya wazee, sinia la pilau halijaondolewa, mama yako akainamisha kichwa. Hukumtazama.

Umewahi kuangalia rekodi ya Sydney Barnes, mrushaji mpira wa Uingereza wa zamani? Lancashire, kaunti kubwa, aliiacha baada ya msimu wa 1903 kwa ubishi wa malipo. Akashika ligi za vilabu, zilizolipa vizuri kwa kazi ya Jumamosi, na kuanzia 1904 akaichezea Staffordshire, kaunti ndogo. Alipoiacha 1935 alikuwa na miaka 62 na wiketi 1,441, yaani wapigaji aliowatoa, kwa wastani wa mbio 8.15 kwa kila wiketi. Timu ya taifa ya Uingereza nayo ilimwita bado: kwa jumla wiketi 189 katika mechi 27 za Testi, zile ndefu za mataifa. Afrika Kusini, 1913–14, alichukua 49 katika mechi nne, ya tano akagoma kwa ugomvi. Kiburi alikuwa nacho, tena kushinda chako, ila chake kilikuwa na wiketi nyuma yake.

Mpira wako wa kutoka nje unausokota kwa kifundo cha mkono, mpigaji anausoma mapema. Barnes alitumia vidole: cha shahada na cha kati vimetanuliwa kuvuka mshono wa mpira, kifundo kimetulia. Mkono ni uleule, mpira uingie au utoke, na kasi haipungui. Ubaya wake, vidole visivyozoea huchoka haraka; mpira unadondoka mfupi, haugeuki, nawe unapigwa ukutani. Anza na ova nne mazoezini, mipira sita kila moja. Si kumi, nakujua.

Niliposema ukubali, sikukushusha hadhi. Durham nayo ilikuwa kaunti ndogo mpaka ikapandishwa 1992, na tangu 2020 hata jina hilo limefutwa, zinaitwa kaunti za taifa. Mechi ni za siku tatu, kwa kawaida Jumapili hadi Jumanne, kwa hiyo unamwomba bosi siku mbili tu na mshahara wako unabaki. Ningekushauri nini kingine, uache kazi usubiri simu ya kaunti kubwa? Nani angemlipia mama yako kodi?

Mazoezi ya ndani yanaanza Januari. Usinipigie mimi kama hutaki. Mpigie mama yako.

Mjomba wako