Malalamiko: fimbo ya pool mliyoniuzia inalia kwenye jointi

Kwa watu wa huduma kwa wateja,

Habari zenu. Naandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani, kila nikipiga napewa mtu mwingine naanza hadithi upya. Ni ile fimbo ya vipande viwili yenye jointi ya chuma, ya shilingi 380,000, mliyonitumia Jinja na taksi. Inalia. Nikigonga ule mpira mweupe kwa nguvu kidogo, hasa wakati wa kubreki, lile pigo la kwanza la kutawanya mipira, kuna mlio wa zzz unapita kwenye kiganja cha mkono wa nyuma halafu unapotea, na hata mtu aliyekaa pembeni anausikia, tena siyo usiku baa ikiwa na kelele, nasema asubuhi wateja hawajaingia.

Dada yenu akanijibu ati jointi ya chuma ndivyo ilivyo, inapiga ngumu, utaizoea tu. Hapo nikachoka. Chuma hakiliagi hivyo jamani. Fimbo yenye jointi ya chuma inapiga kavu, sauti yake kali kuliko ile ya mbao kwa mbao, na uzito unasogea mbele kidogo sababu ya ile pete ya chuma kwenye jointi, kuna wanaoipenda na kuna ambao hata bure hawaitaki. Hiyo ni ladha ya mtu. Kulia ni ubovu. Jamaa ninayecheza naye ana fimbo ya zamani, skrubu ni ileile ya 5/16 ya inchi yenye hesi 14 kwa inchi, pete ya chuma vilevile, nimeipiga meza moja na hii yenu na haitoi mlio wowote. Hata George Balabushka, yule fundi wa Marekani aliyefariki 1975 ambaye fimbo zake sasa zinauzwa bei ya gari, alitumia jointi ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo chuma msikisingizie.

Shida ni vile mlivyoiunga. Nimeikaza mpaka mwisho, nikachukua karatasi ya risiti, risiti yenu wenyewe, nikaipitisha pale vipande vinapokutana: upande mmoja inagoma, upande wa pili inaingia. Yaani nusu ya mbele imekalia ukingo mmoja tu. Halafu kile kishingo cha shaba kinachotakiwa kuingia kwa kubana ndani ya pete, kinacheza. Ukikisukuma kwa kucha unakiona kinatikisika, gundi ilishaachia. Nikampelekea fundi wa leithi, ile mashine ya kuchonga kwa kuzungusha, hapa mjini, mzee wa watu pool hata haijui, akaizungusha kidogo akasema huyu aliyekata mdomo wa hii mbao aliukata upande. Sasa mtikisiko wa pigo ukifika hapo unakuta vitu vimelegea vinagongana, ndio huo mlio mnaoniambia niuzoee.

Na lile tangazo lenu la "jointi ya chuma inaongeza nguvu" mlitoe. Ncha ya fimbo inagusa mpira kwa muda kama wa elfu moja ya sekunde hivi, mtikisiko unapokuja kufika mkononi mpira umeshaenda zake, jointi itaongeza nguvu saa ngapi? Mpira unaamuliwa na mkono wako, ncha na nusu ya mbele. Jointi kazi yake kubwa ni kile unachokisikia wewe mchezaji, na hicho sikidharau, maana mimi pigo langu napima kwa mkono, kabla hata ya kuangalia nyeupe imeishia wapi najua kama nimeigonga katikati au nimeteleza pembeni. Kwa fimbo hii kila pigo linasikika sawa. Nimerudia fimbo za baa zilizopinda, angalau hizo hazinidanganyi.

Ninachotaka: mnipe nusu ya mbele mpya ambayo imejaribiwa kwenye kitako, yaani nusu ya nyuma, hikihiki cha fimbo yangu, siyo kuokotwa tu kwenye rafu, kwa sababu hata skrubu zikifanana vipande vinaweza visikae sawa. Kama hamna, rudisheni 380,000 yote, na nauli ya kuituma iwe juu yenu, karatasi yenu ya garanti inasema kasoro za kiwandani mnazibeba nyinyi. Hadithi ya "utaizoea" sitaki kuisikia tena. Video ya karatasi ikipita kwenye jointi nimeshaituma kwenye WhatsApp yenu, tiki za bluu nimeziona, jibu bado.

Mteja wenu,
Jinja